Honda Civic ya Swindon kwenye upepo wa chumvi Malindi

Anayetafuta gari la mtumba Malindi siku hizi hakosi kukutana na Honda Civic ya milango mitano, pana, imeinama chini, ina rimu za inchi 18 na matundu meusi ya pambo kwenye bampa la nyuma. Hiyo ndiyo FK7, msimbo wa Honda wa umbo hilo. Muuzaji atakwambia ni gari la Japani, na hasemi uongo, kwa sababu lilipakiwa melini Japani likashushwa Mombasa. Ila halikuundwa huko. Liliundwa Swindon, mji wa kusini magharibi mwa Uingereza, likapelekwa Japani kuuzwa kama gari la kigeni kuanzia mwaka 2017, na sasa linatufikia sisi kupitia minada ya huko. Sedani ya kizazi hichohicho, FC1, ndiyo iliyoundwa Japani, kwenye kiwanda cha Yorii.

Jibu letu kwa anayeuliza kama linafaa Malindi: linafaa, na ni gari zuri kuliko mengi ya bei yake, kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami na ambaye yuko tayari kuitunza pua ya gari kama anavyoitunza injini. Kwa mwenye shamba ndani huko, au anayepita kila siku kwenye vichochoro vya mchanga na mawe ya matumbawe, hapana. Asilinunue hata akipunguziwa bei.

Tuanze na huo mji, maana ukiujua unaelewa kwa nini gari hili limefungwa vizuri kiasi hiki.

Swindon ilikuwa kijiji cha soko juu ya kilima mpaka reli ya Great Western ilipopita bondeni. Daniel Gooch, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu na tayari msimamizi wa vichwa vya treni vya kampuni hiyo, alimshauri mhandisi mkuu Isambard Kingdom Brunel karakana iwekwe pale, kwenye njia panda ya reli ya kwenda Bristol na ile ya kwenda Cheltenham. Ilifunguliwa Januari 1843. Mwanzo ilikuwa ya kutengeneza tu. Kufikia 1846 walikuwa wanaunda kichwa cha treni kizima wenyewe. Reli yao ilikuwa pana ajabu: nafasi kati ya vyuma viwili ilikuwa milimita 2,140 hivi. Reli ya zamani ya Mombasa ni 1,000, na ile mpya ya SGR ni 1,435. Upana huo uliondolewa kabisa 1892.

Karakana ilijenga mji. Kampuni iliweka nyumba za mawe za wafanyakazi, na mwaka 1847 ukaanzishwa mfuko wa matibabu, kila mfanyakazi akikatwa kidogo kwenye mshahara ili yeye na watu wa nyumbani kwake watibiwe. Mfuko huo ulikua ukawa na madaktari, hospitali, wa meno, wa macho, hata bafu za kuogelea, na ulitazamwa kama mfano wakati Uingereza ilipounda huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Siku zake bora karakana iliajiri watu wapatao 14,000, na king'ora chake ndicho kilichopanga saa za mji mzima. Hapo ndipo kilipoundwa Evening Star, mwaka 1960, kichwa cha mwisho cha mvuke kwa reli za Uingereza. Karakana ilifungwa 1986.

Lakini mikono ya chuma haikubaki bure. Tangu 1955 palikuwa na kiwanda cha Pressed Steel upande wa Stratton, kikikandamiza bati za bodi za magari. Mpaka leo kipo, chini ya BMW, na bati za Mini hutoka hapo. Mwaka 1985 Honda ilinunua uwanja wa ndege wa zamani wa South Marston, mahali palipoundwa ndege za Spitfire wakati wa vita. Injini zilianza kutoka 1989, magari mwaka 1992, la kwanza likiwa Accord. Baadaye zikafuata Civic, CR-V na Jazz. Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Julai 2021, na ajira kama 3,500 za moja kwa moja zikaenda nacho. FK7 ni kizazi cha mwisho kilichotoka pale.

Unaliona hilo ukifungua mlango. Pitisha kidole kwenye pengo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kutoka juu hadi chini: halipanuki. Funga mlango kwa kuusukuma kwa ncha za vidole, unaingia kwa sauti nzito ya chini bila kutikisa kioo. Gari lenye pengo lisilo sawa limegongwa, na hapo hakuna mjadala, kwa sababu kiwandani halikutoka hivyo. Hii ndiyo faida ya kwanza ya kuijua asili ya gari: mpangilio wa bati unakuwa shahidi wako.

Kutambua unachouziwa ni rahisi. Lililopitia Japani lina namba ya chasisi inayoanza na FK7. Sedani ni FC1. Lililotoka Uingereza moja kwa moja lina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayoanza na SHH, alama ya magari ya Honda ya Swindon. Hapo kuwa macho. Uingereza waliuza pia yenye injini ya lita 1.0 ya silinda tatu, na mkanda wake wa taimingi huzunguka ndani ya oili. Mkanda wa namna hiyo ukipewa oili isiyo yake, au ukicheleweshewa huduma, huanza kumomonyoka, na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili. Fundi wa kuutengeneza vizuri hapa Pwani ni wa kutafutwa kwa tochi. Chukua 1.5. Yenyewe ina cheni.

Kumbuka pia sheria ya umri: gari linaloingia Kenya lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo magari ya mwanzo ya 2017 hayaingii tena mapya bandarini. Utakayoyakuta ya mwaka huo yameshatumika hapa nchini, na hayo yakaguliwe kwa ukali zaidi kuliko yaliyoshuka jana.

Injini ni cc zisizofika 1500, jambo linalosaidia kwenye ushuru, lakini ina tabo na inatoa nguvu za farasi 182 kwa toleo la Japani. Kwenye giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, msukumo ni Nm 220, na unaanza chini kabisa, mizunguko 1,700 kwa dakika. Maana yake barabarani: ukiwa nyuma ya lori la chumvi kutoka Gongoni, unakanyaga kidogo na kulipita bila injini kupiga kelele. Kwenye barabara ya Mombasa, gari likitembea kilomita 80 hadi 100 kwa saa, tegemea kilomita 14 hivi kwa lita. Mjini, kwa foleni ya tuktuk na matuta, hushuka hadi 10 au 11. Kipimo cha Japani ni 18.0, lakini kile ni kipimo cha maabara. Tangi ni lita 47 hivi.

Toleo hili la hatchback Japani linatakiwa kunywa petroli ya okteni ya juu. Super ya kawaida haiui injini. Kompyuta itarudisha nyuma muda wa cheche na utapoteza nguvu kidogo. Ukisikia mlio kama kokoto ndogo zinatikiswa kwenye kopo wakati unapanda daraja umebeba watu, hiyo ni petroli dhaifu au imechanganywa. Badilisha kituo.

Tatizo linalojulikana la injini hii ya 1.5 ni petroli kuingia kwenye oili. Inamwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na injini ikiwa bado baridi, sehemu ya petroli hutelemka ukutani mwa silinda mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini ikipata joto la kutosha, petroli hiyo hupaa. Nchi za baridi ndizo zilizolia zaidi, na joto letu linasaidia, ila halimalizi. Mtu wa mtaa wa Casuarina anayewasha gari kwenda sokoni dakika tano, akazima, akawasha tena kurudi, anafanya hasa kile injini hii isichokipenda. Pima oili asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Kikiwa kijiti kinaonyesha oili imepanda juu ya alama ya juu na ina harufu ya petroli, usifurahi kwamba haili oili. Imwage. Tumia 0W-20 ya sintetiki, lita tatu na nusu hivi pamoja na chujio jipya, na usipite kilomita 5,000. Boliti ya kumwagia ni spana ya 17, uzi wake ni wa aluminiamu upande wa sampu, kwa hiyo fundi asining'inie juu yake: Nm 40 zinatosha, na washa, ile pete ndogo inayopondeka boliti ikikazwa, ibadilishwe kila mara. Mafundi wengi huirudisha ya zamani, halafu wanaikaza zaidi kwa sababu inavuja, na mara ya tatu uzi unatoka. Angalau mara moja kwa wiki lipe gari safari ya nusu saa mfululizo. Malindi hadi Watamu na kurudi ni dawa tosha.

Sasa pua. Hapa ndipo gari hili linapowaumiza watu wa Pwani.

Kondensa ya kiyoyozi, kipozeo cha gesi yake, imekaa mbele kabisa, nyuma ya grili iliyo wazi. Civic za kizazi hiki zina historia ya kondensa kuvuja, mpaka Marekani Honda ikaongeza dhamana ya kifaa hicho kufikia miaka 10. Ongeza upepo wa kusi unaobeba chumvi kutoka baharini miezi kadhaa mfululizo, ongeza kokoto za barabarani, na utaelewa kwa nini Civic nyingi zinauzwa na muuzaji akisema "inataka gesi tu". Gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, imetoka mahali.

Kabla hujatoa pesa, chuchumaa mbele ya gari na tochi, mchana wa jua ndio mzuri zaidi kwa sababu kivuli cha grili kinakusaidia. Angaza kwa ubavu, si moja kwa moja. Tafuta doa lenye unyevunyevu wa mafuta ambalo vumbi limeganda juu yake, dogo kama punje ya mtama. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi na ndiyo yanayoacha alama hiyo. Tazama vijibati vyembamba vya kondensa: vikiwa vimegeuka unga mweupe na vinavunjika ukivigusa kwa kijiti cha meno, kondensa hiyo imekwisha hata kama leo inapoza. Halafu washa AC mwisho, feni namba ya tatu, gari likiwa limesimama, dakika kumi. Ikiwa inapoza gari likitembea lakini inaleta joto ukisimama, sikiliza feni ya mbele. Inaweza kuwa mota ya feni imeliwa na kutu.

Gesi yenyewe: soma kibandiko chini ya boneti. Kama kimeandikwa R134a, weka R134a. Kama ni R1234yf, ni hiyo. Vichwa vya kujazia havifanani, na fundi anayekuletea adapta ili atie ile aliyonayo ni wa kuagana naye. Kondensa mpya ikifungwa, mipira ya O yote, pete za mpira za kwenye maungio, ibadilishwe, mfumo unyonywe hewa angalau nusu saa na uachwe ushikilie, ndipo gesi itiwe kwa mizani kulingana na gramu za kibandiko. Kutia kwa kukisia kwa kushika bomba ni kuua kompresa.

Kuosha pua ni kazi ya kila wiki wakati wa kusi: maji ya mfereji, presha ndogo, dakika tatu kupitia grili. Tunasema maji ya mfereji kwa makusudi. Sehemu nyingi za kuoshea magari hapa mjini hutumia visima, na visima vingi vya Malindi vina chumvi. Unalipa mtu akuongezee kutu. Onja tone la maji yao kabla hujamwachia gari. Mashine ya presha nayo isielekezwe kwenye kondensa kwa karibu, inalaza vijibati na hewa haipiti tena.

Chini ya gari kuna vifuniko vya plastiki vinavyosaidia upepo upite vizuri. Vinabeba mchanga. Mchanga wenye chumvi ukikaa pale na unyevu hukaa, na kutu huanzia kwenye boliti za saspensheni na mikono ya nyuma. Kila huduma ya pili, fundi avitoe, aoshe, akaushe, kisha apulize nta ya kuzuia kutu kwenye viungo na boliti. Gari ambalo huegeshwa Mokowe siku nne au tano mwenyewe akiwa Kisiwani Lamu linahitaji hili kuliko mengine yote. Likirudi mjini, lioshwe chini siku hiyohiyo.

Kimo chake kutoka ardhini ni milimita 135 hivi, nalo ni jambo la kulifikiria sana. Likibeba watu wanne na mizigo, matuta makali ya vijijini hulikwaruza. Yapite kwa mshazari pale barabara inaporuhusu, na usiyafikie ukiwa umekanyaga breki, kwa sababu breki huinamisha pua. Achia kabla ya gurudumu kugusa. Kinachoanza kuvunjika ni vibanio vya plastiki vya bampa la mbele, halafu kifuniko cha chini kinaning'inia na kupiga kelele. Vibanio ni vya bei ndogo. Nunua kumi uviweke kwenye buti.

Tairi za kiwandani ni 235/40R18. Ukuta wa tairi hiyo ni milimita 94 tu. Ukiingia kwenye shimo lenye kingo, rimu inapinda au tairi inavimba ubavuni, na tairi iliyovimba haina dawa ila kutupwa. Ushauri wetu wa dhati kwa Malindi: tafuta rimu za inchi 17 zenye tundu tano za boliti kwenye duara la milimita 114.3, tundu la katikati 64.1, uvishe 215/50R17. Kipenyo chote kinabaki karibu sawa, tofauti haifiki milimita 2, kwa hiyo spidomita haidanganyi, na unapata ukuta wa milimita 107. Milimita 13 zinasikika mgongoni mara ya kwanza tu unapotoka mjini. Usikubali rimu za Type R, toleo la Civic la mbio, duara la boliti zake ni milimita 120 na hazitaingia. Nati ni 12 kwa 1.5, zikazwe kwa Nm 108 na si kwa kurukia spana.

Jambo jingine la tairi: mengi ya magari haya hayana tairi la spea. Chini ya zulia la buti utakuta pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba, na dawa hiyo ina tarehe ya kuisha muda ambayo huenda ilipita gari likiwa bado mnadani. Nunua spea nyembamba, jeki na spana yake kabla ya safari ya kwanza ya Garsen. Dawa ya chupa haizibi tairi lililochanika ubavuni.

CVT ya gari hili ni laini, na malalamiko mengi dhidi yake hutokana na mafuta yasiyo yake. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta ya HCF-2 yametengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza wala kusagana. ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, hulainisha kupita kiasi. Mkanda unateleza, puli zinachanika, gari linaanza kutikisika ukiondoka taratibu kwenye mwinuko. Badilisha kila kilomita 40,000, lita tatu na nusu hadi nne kwa kumwaga na kujaza. Kiwango hakipimwi kwa kijiti kama cha injini, hupimwa kwa boliti ya kiwango mafuta yakiwa na joto na gari likiwa limelala sawa. Unapolijaribu kununua, ondoka kwa mguu mwepesi sana mara tano. Mtikisiko kati ya kilomita 15 na 40 kwa saa ndio dalili. Muuzaji akisema ni plagi, aziweke mpya mbele yako, kisha mjaribu tena.

Ulizia pia pampu ya petroli. Honda iliyaita magari mengi ya miaka ya 2018 hadi 2020 kubadilishiwa pampu ya ndani ya tangi, kwa sababu kipande cha plastiki cha ndani kilikuwa kinavimba na kuifanya ikwame. Dalili ni injini kukosa nguvu ghafla au kuzima ukiwa barabarani. Kwa lililotoka Japani, namba ya chasisi huingizwa kwenye tovuti ya Honda ya Japani ikaonyesha kama kazi ilifanyika. Ifanye kabla ya kulipa amana, si baada.

Breki za nyuma zina mota ya umeme kwa ajili ya breki ya mkono, na hapa pameharibika nyingi. Fundi aliyezoea kalipa za kawaida, vile vibanio vya pedi, huja na klampu akairudisha pistoni kwa nguvu, na gia za mota zinakatika. Mfumo lazima kwanza uwekwe kwenye hali ya huduma, mota irudi nyuma yenyewe, ndipo pistoni isukumwe na pedi zitoke. Fundi asiyejua kuuweka hivyo asiguse nyuma, mbele anaweza. Mara moja kwa mwaka pini za kutelezea za kalipa zote nne zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Unyevu wa Pwani huziganda, pedi moja ikaisha kabla ya mwenzake na gari likawa linavuta upande. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, yamwagwe kila miaka miwili. Utando wa kutu wa rangi ya chungwa kwenye diski asubuhi usikutishe, unatoka kwa breki mbili tatu.

Kioo cha mbele kina kamera ya mfumo wa usalama nyuma ya kioo cha kutazama nyuma. Kikipasuka kwa jiwe, kioo cha bei nafuu kisicho na nafasi safi ya kamera kitawasha taa za onyo zote na breki ya dharura itakoma kufanya kazi. Kamera inahitaji kupimwa upya baada ya kioo kubadilishwa. Uliza gereji swali hilo moja. Asiyelijua usimpe kazi. FM za redio nyingi za Japani huishia MHz 95 hivi, kwa hivyo utahitaji kibadilisha masafa au redio nyingine, kazi ya nusu saa.

Kuhusu spea. Injini, kiyoyozi, sehemu nyingi za saspensheni na umeme zina ndugu zao kwenye sedani ya FC1, na hizo zinapatikana Mombasa na Nairobi bila tabu kubwa. Ugumu uko nyuma ya gari: mlango wa buti, kioo chake na kibawa, taa za nyuma, bampa lenye yale matundu. Hizo ni za hatchback peke yake, na kiwanda kilichokuwa kikiziunda kimefungwa. Ukigongwa nyuma na tuktuk, utasubiri kipande kilichokatwa kutoka gari lililoharibika Japani au Uingereza. Ukiagiza, toa namba kamili ya chasisi na picha ya kibandiko cha rangi kilicho kwenye nguzo ya mlango. Bampa la sedani haliingii, hata anayeuza akikuapia. Upande wa nyuma pima kwa kutoa zulia la buti na kutazama sakafu ya bati pale tairi la spea lingekaa: rangi ya kiwandani ni nyembamba na sawa, gundi ya kiwandani ni mstari laini usiokatika. Gundi iliyopakwa kwa kidole, au bati lenye mawimbi kama kitambaa kilichofuliwa kikaanikwa bila kupigwa pasi, inaonyesha gari liligongwa nyuma na kukunjuliwa. La namna hiyo liache yadi.